Kutambua umri na jinsia ya sikilidi kwenye tangi la nyumbani

Sikilidi ni ukoo mpana wa samaki. Sato na perege wamo, furu wa Ziwa Victoria wamo, mbuna wa Ziwa Nyasa wamo, kuhe wa Kigoma yumo, na hata yule samaki bapa mwenye mapezi marefu kutoka Mto Amazon, Pterophyllum scalare, ni wa ukoo huohuo. Kwa upana huo hakuna alama moja ya udume inayofaa kwa wote. Rangi ya njano ni ya jike katika aina moja na ya dume katika aina nyingine. Samaki wa kijivu anaweza kuwa jike mzima, dume mchanga, au dume mzima aliyeshindwa ugomvi akazificha rangi zake. Kwa hiyo kazi hii ina mpangilio wake: kwanza jua aina, kisha kadiria umri, halafu ndipo uulize jinsia. Wengi huanza na la mwisho, na hapo ndipo wanapopotea.

Anza na jina

Muuzaji akikwambia "hawa ni mbuna mchanganyiko" hajakwambia kitu. Mbuna ni kundi zima la samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, na kila aina ndani yake ina kanuni yake ya rangi. Uliza jina la kisayansi, na kama anajua, uliza mbegu yao ilitoka wapi. Mfano mzuri ni Maylandia estherae. Ziwani, majike wengi ni wa rangi ya chungwa na madume ni wa buluu iliyopauka. Lakini miongoni mwa waliozalishwa kwa biashara kizazi baada ya kizazi, madume wengi nao ni wa chungwa. Mtu aliyesoma kwamba "wa chungwa ni jike" anaweza kununua sita wa chungwa na kujikuta na madume wanne wanaouana.

Kama jina halijulikani, chukua picha ya ubavu mzima wa samaki, mapezi yakiwa yamenyooka, chini ya taa nyeupe. Taa za buluu zinazopendwa madukani humfanya samaki wa kijivu aonekane dume la buluu. Mwombe muuzaji azime taa hiyo kabla hujalipa.

Kukadiria umri

Hakuna anayeweza kumtazama samaki akataja umri wake kwa mwezi na siku. Watafiti wa uvuvi husoma miaka kwenye kijiwe kilichomo ndani ya sikio la samaki, na hilo hufanyika kwa samaki aliyekufa. Nyumbani tunasoma umbo, na umbo husema mengi ukijua pa kutazama.

Samaki mchanga ana jicho kubwa ukililinganisha na kichwa chake, uso mfupi, na mapezi ya mviringo ambayo mwanga unapita ndani yake. Anapokua, mwili hulikimbia jicho: kichwa hurefuka, mdomo hunenepa, na ncha za pezi la mgongoni na pezi la chini (lile lililo nyuma ya tundu la choo) huanza kuchongoka. Kwa mbuna wa kawaida kwenye maji ya nyuzi joto 26, wakilishwa vizuri na maji yakibadilishwa kila wiki, tarajia takriban sentimita 1 wanapotoka mdomoni mwa mama (jike wa mbuna hulea mayai na vifaranga mdomoni), sentimita 2 hadi 2.5 baada ya miezi miwili, karibu sentimita 5 kwenye miezi sita, na 7 hadi 8 wanapokaribia mwaka. Kabla ya sentimita 4 usimwamini yeyote anayekuuzia "jozi", isipokuwa kwa zile aina ndogo ambazo huishia hapohapo.

Kukomaa kunafuata zaidi urefu kuliko kalenda. Vifaranga wawili wa mama mmoja, mmoja akikulia kwenye tangi la lita 300 na mwingine kwenye lita 40, watapishana kwa miezi kadhaa kufikia siku ya kwanza ya kutaga. Hapo ndipo inapokuja hitilafu ya kudumaa. Samaki aliyebanwa kwenye tangi dogo lenye maji machafu hubaki mfupi huku jicho likiendelea kukua, na mnunuzi akiliona jicho kubwa hudhani ni mchanga. Tofauti iko kwenye mapezi na rangi: mchanga wa kweli ana mapezi ya kupitisha mwanga na rangi ya utotoni, aliyedumaa ana mapezi yaliyochongoka, midomo minene na rangi ya ukubwani kwenye mwili mfupi. Huyo hatarefuka sana hata ukimhamishia kwenye tangi kubwa, na umri wake uliobaki ni mfupi kuliko unavyodhani.

Aina nyingine hubadili vazi lote kwa umri, bila kujali jinsia. Tropheus duboisi wa Ziwa Tanganyika huanza mweusi tititi mwenye madoa meupe kama nyota. Anapopita sentimita 5 hivi, madoa hufifia kuanzia mbele, kichwa huwa cha buluu na kiunoni hutokea mkanda mpana mweupe au wa njano. Kwa miezi kadhaa huonekana kama mgonjwa, mkanda umeanza na madoa hayajaisha. Usimtie dawa, ndivyo anavyokua. Dume na jike hupita njia hiyohiyo, kwa hiyo badiliko hilo halikwambii lolote kuhusu jinsia.

Frontosa, yaani Cyphotilapia frontosa, hukua taratibu mno. Kigoma kuna jamii yake inayojulikana kwa mistari saba. Wachanga na wakubwa wana mistari ileile. Kinachobadilika ni nundu ya kipajini. Mwaka wa kwanza huwa hakuna cha maana kipajini, kisha inaongezeka mwaka hadi mwaka, na uzazi mara nyingi hauanzi kabla ya mwaka wa tatu au wa nne. Anayetunzwa vizuri anaweza kuvuka miaka 20. Linganisha na Mikrogeophagus ramirezi wa Amerika Kusini, ambaye miaka miwili au mitatu ni maisha kamili, au mbuna ambao wengi huishi kati ya 6 na 10.

Uzee nao una sura yake. Nyama ya mgongoni, nyuma tu ya kichwa, hupungua ikaacha bonde. Uti wa mgongo hupinda, jicho hupata ukungu, ncha za mapezi zikichanika hazizibi haraka, na dume aliyekuwa mtawala hupokonywa jiwe lake akafifia rangi. Lakini usikimbilie kusema mzee kwa kuona tumbo lililobonyea. Jike aliyetoka kulea mayai mdomoni kwa wiki tatu bila kula hubonyea vilevile, na hurudi hali yake ndani ya wiki moja au mbili za kulishwa vizuri. Akila na bado anakonda, na kinyesi chake ni cheupe kama uzi, shuku vimelea vya tumboni.

Samaki wa Ziwa Nyasa

Kwa wengi wa ziwa hili, wachanga wote huvaa rangi ya jike, na dume ndiye anayebadilika. Chindongo saulosi huzaliwa wote wa njano. Majike hubaki njano maisha yao yote na madume huwa buluu wenye milia myeusi. Maylandia lombardoi ni kinyume chake: wachanga na majike ni buluu wenye milia, dume mzima ni wa njano. Melanochromis auratus wachanga na majike ni wa njano wenye mistari myeusi ya kulala, na dume hugeuka kahawia iliyokolea au mweusi mwenye mistari iliyopauka. Aulonocara na Sciaenochromis fryeri huanza kijivu wote, na madume pekee ndio hupata buluu, nyekundu au njano.

Badiliko haliji siku moja, na ukijua linapoanzia utalijua dume wiki nyingi kabla ya mwenzako. Kwa saulosi, shika tochi na utazame pezi la mgongoni la samaki wa sentimita 4 hadi 5: njano ya dume huonekana kama imechafuka, ukingo wa pezi unatiwa kivuli, na ubavuni kunapita milia hafifu inayokuja na kupotea kadiri anavyokasirika. Jike wa ukubwa huo ni njano safi kote. Kwa Aulonocara, tazama midomo, kifuniko cha shavu na ukingo wa juu wa pezi la mgongoni. Buluu ya kwanza hutokea hapo, mara nyingi akiwa na sentimita 6 hadi 8, huku ubavu mzima ukiwa bado kijivu. Mtu anayetazama ubavu tu atasema jike. Nimbochromis huchelewa zaidi: venustus na livingstonii wanaweza kufika sentimita 12 wakiwa bado na mabaka ya utotoni kabla kichwa cha dume hakijaanza kuwa buluu.

Kuna wanaokataa kanuni hii. Labidochromis caeruleus wa njano, labda ndiye mbuna anayeuzwa zaidi duniani, dume na jike ni njano wote. Dume anayetawala huwa na weusi uliokolea na wenye ukingo safi kwenye mapezi ya tumboni na pezi la chini, na mara nyingine kivuli kama masizi usoni. Jike huwa na weusi uliopauka. Ila jike mwenye nguvu naye hukoleza, na dume mnyonge hupauka, kwa hiyo kwa aina hii rangi ni dokezo tu. Hao lazima uwapindue, na namna ya kufanya hivyo imeelezwa hapa chini.

Kuhusu madoa ya mviringo kwenye pezi la chini, yanayofanana na mayai: dume huyatumia wakati wa kutaga. Jike huyafuata kwa mdomo akidhani ni mayai aliyosahau, na hapo huvuta mbegu za dume na kuyarutubisha mayai aliyokwisha kuyabeba. Kwa hiyo ni kweli kwamba dume huwa nayo makubwa na yenye rangi kali zaidi. Lakini majike wa aina nyingi nao wanayo, na kuyahesabu hakusaidii. Mwenye madoa manne si lazima awe dume zaidi ya mwenye moja.

Samaki wa Ziwa Tanganyika

Hapa rangi hukwama karibu kabisa. Tropheus, Neolamprologus brichardi, Eretmodus cyanostictus na wengine wengi, dume na jike huvaa sawa. Cyprichromis leptosoma ni wa kushukuriwa, maana dume mzima ana rangi kwenye mwili na mkia wa njano au buluu, na jike ni wa kijivu.

Wengi hugeukia ukubwa, na ukubwa unasaidia ukijua mwelekeo wake. Kwa Altolamprologus compressiceps dume humzidi jike sana. Kwa Neolamprologus multifasciatus, wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, dume hufika sentimita 4 na kidogo, jike karibu 3. Lakini kwa Julidochromis marlieri jike ndiye mkubwa. Anayemtafuta dume kwa kuchukua mwenye mwili ataondoka na majike wawili. Kilele cha tofauti ni Lamprologus callipterus: dume mwenye makombe ana uzito wa takriban mara 12 ya jike wake, kwa sababu yeye hubeba makombe kwa mdomo na jike sharti aingie ndani ya kombe kutaga. Hata hapo pana mtego, maana katika aina hiyo wapo pia madume vibete wanaojipenyeza kwenye makombe kuiba urutubishaji. Mdogo kuliko wote anaweza kuwa dume.

Na tahadhari kwa kila aina: linganisha ukubwa kwa samaki wa rika moja tu, waliokulia tangi moja. Dume mwenye miezi sita na jike mwenye mwaka na nusu watakupa jibu la uongo.

Kwa frontosa, usiseme dume kwa kuona nundu. Majike wakubwa nao wanayo. Dume huwa na nundu kubwa zaidi, hufika sentimita 30 na zaidi wakati jike huishia karibu 25, na mapezi yake ya tumboni huvutika yakawa kama nyuzi ndefu. Kabla ya miaka mitatu, mambo hayo yote hayajakaa sawa.

Furu wa Ziwa Victoria

Wengi wa furu ni rahisi kwa mwenye maji safi. Pundamilia nyererei, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1985 na kupewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, ana dume mwenye mgongo mwekundu na ubavu wa njano uliokatwa na milia myeusi. Jike ni wa kijivu-njano mwenye milia hafifu. Astatotilapia latifasciata wa Uganda anafuata njia hiyohiyo: dume mwenye rangi, jike wa fedha.

Maji safi yana uzito wake hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kuhusu furu wa Ziwa Victoria ulionyesha kwamba majike huchagua dume kwa rangi, na palipo na maji yaliyochafuka rangi hufifia na aina huanza kuchanganyikana. Kwenye tangi, ukungu wa maji na taa dhaifu hufanya kazi hiyohiyo, na madume wako watabaki wamepauka, nawe utawahesabu majike. Kabla ya kuamua jinsia ya furu, safisha filta, badilisha theluthi moja ya maji mara mbili ndani ya wiki, na weka taa nyeupe.

Wa Amerika na Afrika Magharibi, kwa ufupi

Amatitlania nigrofasciata: jike ana rangi ya chungwa tumboni, dume ni mkubwa, mapezi marefu, na akizeeka hupata nundu. Pelvicachromis pulcher wa Afrika Magharibi: jike mfupi wa duara mwenye tumbo la zambarau, dume mrefu mwenye ncha kali za mapezi. Mikrogeophagus ramirezi: jike ana tumbo la waridi. Scalare na Astronotus ocellatus hawana tofauti ya kuaminika mpaka siku za kutaga, pale mrija mdogo unapotokea chini ya tumbo: wa jike ni mnene na butu, wa dume ni mwembamba uliochongoka. Majike wawili wa scalare huweza kuungana, kusafisha jani na kutaga kama jozi halali. Mayai yote yakigeuka meupe baada ya siku mbili, kila mara, angalia mirija yao tena.

Kwa wazalishaji wa Pelvicachromis, maji yenye asidi zaidi huongeza madume kwenye kizazi, na kwa Apistogramma joto la juu hufanya vivyo hivyo. Ukipata vifaranga karibu wote wa jinsia moja, pima maji kabla ya kuwalaumu wazazi.

Kumpindua samaki na kusoma matundu

Njia hii ndiyo inayomaliza ubishi, hasa kwa mbuna na Tropheus. Inahitaji samaki wa angalau sentimita 5, bora 7.

1. Usiwalishe kwa saa 24. Tumbo tupu halimsumbui samaki, na kinyesi hakitaziba unachotaka kukiona.
2. Andaa beseni lenye maji ya tangi lilelile, kipande cha sponji laini kilichokatwa mfereji katikati na kuloweshwa, tochi, na kioo cha kukuzia au kamera ya simu. Simu huwa bora, kwa sababu unapiga picha, unamrudisha samaki, kisha unatazama kwa utulivu.
3. Kamata samaki watatu au wanne kwa pamoja uwaweke kwenye beseni. Mmoja peke yake hasomeki vizuri kwa mtu asiyezoea. Macho yanahitaji kulinganisha.
4. Lowesha mikono. Mkono mkavu huondoa ute unaomkinga samaki, na ukungu hushika pale ulipomgusa.
5. Mlaze tumbo juu ndani ya mfereji wa sponji. Samaki aliyepinduliwa mara nyingi hutulia.
6. Tazama mbele tu ya pezi la chini. Kuna matundu mawili. Lililo upande wa kichwa ni la choo, lililo upande wa mkia ni la uzazi.
7. Piga picha mbili au tatu na umrudishe. Usipitishe sekunde 20 hadi 30 nje ya maji.

Kwa dume, matundu hayo mawili yanakaribiana kwa ukubwa. La nyuma ni dogo na mara nyingine limechongoka kidogo. Kwa jike, la nyuma ni kubwa waziwazi kuliko la choo, pana, kwa sababu mayai ndipo yanapopita. Jike aliyetaga siku za karibuni huwa na wekundu mahali hapo na hakuna wa kumkosea. Mwenye shida ni jike ambaye hajawahi kutaga: tundu lake bado ni jembamba na wengi humwandika dume. Ukiwa na shaka weka alama ya kuuliza kwenye daftari, rudia baada ya miezi miwili.

Tropheus wapinduliwe siku wanayofika, kabla hawajaingia tangini. Kundi lao likishapanga vyeo, ukimtoa mmoja kwa saa chache na kumrudisha anaweza kupigwa kama mgeni. Wapo wanaotumia mafuta ya karafuu kumlewesha samaki. Kwa kazi ya sekunde 20 haina haja, na matone yakizidi samaki haamki.

Jaribio la kumwondoa mtawala

Madume wanyonge huficha rangi ili wasipigwe. Katika Astatotilapia burtoni, maabara zimeonyesha kwamba dume anaweza kubadili rangi ya cheo chake ndani ya dakika chache akiona nafasi imepatikana. Unaweza kuitumia tabia hiyo. Mtoe dume anayetawala, mweke kwenye tangi jingine au nyuma ya kizuizi kisichopitisha mwanga, kwa siku tano hadi saba. Miongoni mwa wale uliowaita majike, dume aliyejificha ataanza kukoleza, kuchimba mchanga na kuwatetemekea wenzake. Mkamate, kisha endelea kungoja, maana wa tatu anaweza kutokea baada yake.

Ukimrudisha mtawala, panga upya mawe yote na uzime taa mpaka kesho yake. Asipokuta mipaka ya zamani hupunguza kisasi.

Jaribio hili pia linaeleza habari za "jike wangu amegeuka dume". Karibu kila mara alikuwa dume tangu mwanzo, akakosa nafasi ya kujionyesha mpaka mkubwa wake alipokufa au kuuzwa. Kwa upande mwingine, jike wa auratus anayetawala tangi lisilo na dume anaweza kuchukua rangi nyeusi ya kiume na bado akataga. Kwa hiyo hata hapa, pindua kabla ya kuandika.

Rangi za dukani

Wafugaji wa sato wanaijua homoni ya methyltestosterone inayochanganywa kwenye chakula cha vifaranga ili wote wawe madume. Baadhi ya wazalishaji wa samaki wa urembo huitumia kuwapa rangi samaki wa kuuza. Dalili yake ni hii: tangi zima la Aulonocara wa sentimita 4 au 5, wote wanang'aa kama madume wa mwaka mzima, hakuna hata mmoja wa kijivu. Kwa asili haiwezekani. Ukiwanunua, rangi huisha ndani ya wiki au miezi, na majike waliotiwa dawa wanaweza kukataa kutaga. Tangi la wachanga la kuaminika lina wengi wa kijivu na wawili watatu walioanza kupata buluu midomoni.

Ununue wangapi

Kama unanunua wachanga wasiotambulika, idadi ndiyo kinga yako. Ukichukua wanne, na kila mmoja ana nafasi sawa ya kuwa dume au jike, kuna uwezekano wa 1 kati ya 8 kwamba wote ni jinsia moja. Wakiwa sita inashuka hadi 1 kati ya 32. Wakiwa wanane, 1 kati ya 128. Kwa mbuna nunua wanane hadi kumi, walee kwenye lita 200 au zaidi, kisha punguza madume wanavyojitokeza mpaka ubaki na dume mmoja kwa majike watatu au wanne. Ukimwacha dume na jike mmoja, jike huyo hatapata siku ya kupumzika, na kwa auratus na lombardoi kawaida hufa.

Usiwachanganye Aulonocara wa aina mbili kwenye tangi moja kama unataka kuzalisha. Madume utawatambua, lakini majike wote ni kijivu chenye milia hafifu, na hata wazoefu hushindwa kuwatenganisha. Baada ya mwaka hutajua ni mayai ya nani, na vifaranga watakuwa chotara utakaomuuzia mtu kwa jina lisilo lao.

Madume waliozidi wauze, wagawe, au wakusanye kwenye tangi la madume watupu: wengi, wa aina zisizofanana rangi, bila jike hata mmoja, kwa sababu jike mmoja tu atawasha vita. Usiwaachie mtoni wala ziwani, hata kama ni wa ziwa hilohilo na unajua kijiji walikotoka. Sangara aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 alimaliza aina nyingi za furu, na mbegu ngeni inayozaa na wenyeji haihitaji meno kuharibu.